Jina Lililongoja Antene

Karibu na nyumba yangu hapa Kindu, viwanja viwili ukielekea mtoni, iko ofisi ya afya inayoongea na vituo vya msituni kwa foni. Foni ni redio ya kusema na kujibiwa, si ya kusikiliza tu. Simu za mkononi hazifiki kwenye vituo vile, ndiyo maana foni haijafa. Antene yao ni waya mtupu uliofungwa chini chini, ncha moja kwenye pembe ya paa la bati, ncha nyingine kwenye mpera. Mtu mzima akinyanyua jembe anaugusa. Wapita njia wanacheka, wanasema hawa watu wamekosa hata nguzo. Mimi sicheki. Nikiwasikia nawaambia waende zao.

Sikusoma sana. Nilikaa darasani miaka mitatu, wa nne baba yangu akasema inatosha, na mimi sikulia. Lakini juu ya urefu wa antene nina la kusema, maana ulinichelewesha kumpa mjukuu wangu jina. Mtoto yule akafungiwa ndani ya nyumba kule Punia siku nyingi kuliko zinazompasa mtoto, bila kuona jua, miaka ya vita.

Foni ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa fundi wa reli, na treni iliposimama alikaa nyumbani miezi akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Alitengeneza kiti changu mpaka kikawa kinayumba. Siku moja mfanyabiashara wa Kampene alikuwa anarudi kwao, akamwachia foni yake na batri mbili na kibao cha kuvuta umeme wa jua, wakabadilishana kwa baiskeli na cherehani yangu. Cherehani ilikuwa yangu, nimeandika hivyo makusudi. Sikuulizwa. Lakini baada ya wiki mbili lupango letu, uwanja wote wa nyumba, lilijaa watu, na nikaona kwamba cherehani haingeleta hayo.

Mnielewe hali ilivyokuwa. Barabara zilikuwa zimefungwa. Barua haikufika, gari halikufika. Mtu akiwa na dada yake Kailo, mwendo wa siku mbili kwa miguu, alikuwa kama ana dada mwezini. Foni ndiyo iliyobaki. Watu walikaa kwenye benchi chini ya ukuta, wanangoja zamu, na kila mmoja alisema mambo yake mbele ya wote. Huko hakuna siri. Ukimaliza kusema unatamka "kwako", unaachia kidude cha mikro, kile cha kusemea, na mwenzako anajibu. Mtu aliyekuwa mkali nyumbani kwake, mbele ya mikro alikuwa mpole. Nimewaona wengi. Askari walikuja, wakaandika foni kwenye daftari lao, wakakataza mambo mawili: kutaja habari za askari, na kuita miji ya upande wa pili. Hayo mawili tuliyashika.

Antene yetu ya kwanza ilikuwa chini kwa sababu ya uvivu, si kwa akili. Mume wangu alipima waya kwa hatua zake, hatua kumi na mbili huku na kumi na mbili kule, katikati pakashuka waya mwingine mnene wa kuingia ndani ya chumba. Kwenye ncha alifunga vipande vya kandambili ya zamani ili umeme usipotelee kwenye nguzo. Kisha aliangalia mianzi aliyokuwa nayo, akaona mmoja tu ndio mzima, akafunga ncha moja kwenye mwanzi huo na nyingine kwenye nguzo ya jikoni kwangu. Waya ulipita juu kidogo ya paa la jiko. Moshi wa sombe, majani ya mihogo niliyopika, uliupiga kila siku. Tuliita Kailo, Kailo ikajibu. Tuliita Kampene, ikajibu. Punia nayo ilijibu.

Punia ndiyo iliyokuwa na roho yangu. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameolewa kule na mwalimu, kabla njia hazijafungwa. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi alikuja kwenye foni ya kule, na mimi nilikaa kwenye foni ya huku, nimeshika mikro kwa mikono miwili. Mume wangu alisema mikro haikimbii. Tuliongea mambo ya chumvi, ya malaria, ya mama mkwe wake. Ya mama mkwe tuliyasema kwa kuzunguka, maana huyo mama alikuwa na masikio kila mahali. Alhamisi moja binti akasema tumbo limekuwa kubwa. Nikasema nimesikia, kwako.

Sasa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, aliyekuwa mshonaji wa makoti, naye akapata foni. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Aliunganisha mianzi mitatu kwa mipira ya ndani ya tairi, akasimamisha nguzo mbili za namna hiyo, waya wake ukapita juu ya mchikichi wa kwake. Ulionekana toka sokoni. Wateja wetu wakaanza kuvuka njia. Wanawake niliowapa maji ya kunywa kwenye kikombe changu walivuka bila haya. Walisema, "Ile ya juu njo ya nguvu," ndiyo yenye nguvu. Nani angebishana nao? Mtu akitaka kuita mbali anapanda kichuguu. Mnara wa msikiti uko juu, kengele ya misioni iko juu. Watu wote wa Kindu walijua hivyo, na mume wangu, fundi wa reli, alijua hivyo kuliko wote.

Jumamosi moja mkwe wangu, yule mwalimu, aliita kutoka Punia. Sauti ilikuwa safi, nilisikia hata jogoo nyuma yake. Mtoto alizaliwa jana, Ijumaa, wa kike, mama yake ni mzima. Akaniambia, "Mama, sasa tunangoja wewe."

Alichokisema kinahitaji maelezo. Kwetu, upande wa mama yangu, jina la mtoto wa kike wa kwanza linatoka kinywani mwa mama wa mama yake, linaingia sikioni mwa mama yake. Halipiti mdomo wa mtu mwingine katikati. Linatolewa kitovu kikishaanguka. Mama anaweza kutoka kwa haja zake, lakini mtoto anabaki ndani mpaka apate jina. Mtoto asiye na jina akitolewa nje, kila mtu atamwita anavyotaka, na atakua hivyo, akiitika kila anayeita. Miaka ile, waitaji walikuwa wengi, wengine wenye bunduki. Binti yangu alikuwa ameshawaambia wakweze, wakakubali, ingawa mama mkwe alikubali kwa midomo.

Nikamwambia mkwe wangu kitovu kitakuwa kimeanguka Alhamisi, binti aje kwenye foni saa tatu, mtoto abaki ndani na bibi yake wa kule, yule mama mkwe. Jina nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nalo tangu tumbo lilipotajwa.

Jumapili mume wangu alikuja na mianzi sita kutoka ng'ambo ya mto. Nikamwambia, "Baba watoto, ngoja Alhamisi ipite."

"Antene ikiwa juu," akasema, "mtoto wako utamusikia kama iko jikoni."

"Namusikia hivyo sasa."

"Utamusikia zaidi."

Jumatatu wanaume sita walivuta kamba toka asubuhi mpaka jua la kichwa. Mimi nilipika wali na samaki, maana antene haisimami bila kula. Waliinua mwanzi wa kwanza ukavunjika kwenye kiungo, wakaukata, wakaunganisha upya. Waliinua wa pili, ukasimama. Jioni waya wetu ulikuwa juu kuliko wa jirani kwa kimo cha mtoto wa miaka kumi, na mume wangu alivuka njia mara mbili bila sababu, ili autazame kutokea kule.

Siwezi kudanganya, ilifanya kazi. Tulisikia Kalemie kama mtu yuko dirishani. Tulisikia Uvira. Goma ilikuwa kama mezani. Watu waliokuwa na ndugu ziwani walirudi wote kwenye benchi letu. Mume wangu alinyoa ndevu.

Alhamisi saa tatu nilikaa. Nilivaa kikwembe kizuri, kitenge cha sikukuu, ingawa foni haina macho. Mume wangu akaita, Kindu kwa Punia, Kindu kwa Punia. Tukasikia upepo tu, kama mtu anapepeta mpunga. Akaita tena. Nikachukua mikro nikaita mwenyewe. Upepo. Akasema batri yao imekufa. Baada ya kidogo akasema labda askari wamewafungia. Baada ya kidogo akasema mawingu. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani.

Ndipo mtu wa foni wa Kalemie akaingia. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi, sikuwahi kumwona uso, lakini kila mtu wa foni alimjua kwa kikohozi chake. Akasema, "Mama wa Kindu, Punia iko nakuita tangu saa mbili na nusu. Kwa nini unamunyamazia mutoto wako? Kwako."

"Simunyamazii. Simusikii. Kwako."

"Miye namusikia muzuri kabisa. Anasema kitovu kimeanguka. Nipe hilo jina, nitamupelekea, tumalize, watu wengine bafanye kazi. Kwako."

Nikamjibu kwamba namshukuru, na kwamba jina halipelekwi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hajawahi kukataliwa mzigo mwepesi hivyo. Watu wa benchi nao walicheka. Mume wangu hakucheka, aliona aibu, akaninong'oneza kwamba hata nikisema mwenyewe, kila mwenye foni atasikia, sasa tofauti iko wapi?

"Kusikia wasikie," nikamwambia. "Kusema ninasema mimi."

Mpaka leo wapo watoto wangu wanaosema nilikuwa na kichwa kigumu, ningempa mzee yule jina mambo yaishe. Labda. Lakini vita ilikuwa imetunyang'anya vitu vingi vya kufanya wenyewe. Hicho kimoja sikutaka kukiachia.

Ijumaa tuliita Punia, hakuna. Jumamosi tuliita Kampene kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa na mwana mchimbaji kule, hakuna. Jumapili hata Kailo hakuna, Kailo ambayo ni ya karibu kuliko zote. Mume wangu akasema nchi yote ya karibu imeishiwa batri. Jumatatu mzee wa Kalemie akaleta ujumbe mwingine kutoka kwa mkwe wangu, na safari hii hakucheka. Bibi wa kule amechoka. Anasema mtoto si mfungwa. Ikifika Ijumaa bila jina, atamtoa nje mwenyewe na atamwita jina la dada yake marehemu.

Nilimjua huyo dada kwa sifa. Sisemi mabaya ya marehemu.

Nilimwambia mume wangu kwamba nimebakiwa na Alhamisi moja. Alifikiri sana, nilimwona anavyofikiri, akasema dawa ni kuongeza mwanzi wa nne. Waya haujafika juu ya kutosha, sauti ya Punia inapita juu yetu. Hayo aliyasema kwa moyo mweupe. Alimpenda binti yake, na alikuwa anampenda kwa njia aliyoijua, yaani kwa kupanda juu.

Jumanne wanaume walirudi. Nilipika tena. Ili kuongeza mwanzi ilibidi kwanza walaze nguzo zote mbili, na waya ukashuka nazo, ukaning'inia kwenye miti yangu ya mihogo, kimo cha kifua changu. Foni nilikuwa nimeiacha wazi chumbani, kwa sababu siku zile sikuizima tena, nilikuwa nasikiliza Punia hata nikitwanga. Wanaume walikuwa wamekaa wanakula. Ndani ya chumba mwanamke akasema, sauti wazi, bila upepo wowote, "Kampene kwa Kindu, Kampene kwa Kindu, tumewakosea nini?"

Niliacha mwiko kwenye chungu. Nikaenda nikajibu. Akasema wametuita siku nane. Nikamuuliza kama batri yao ilikufa. Akasema haijakufa hata siku moja.

Nilitoka nikamwita mume wangu. Alikuja na mkono wenye wali, alisikiliza, akasema ni bahati ya saa ile, saa za redio zinabadilika. Nikamwambia tusubiri tuone. Wakainua nguzo, kila moja sasa ina mianzi minne. Nikakaa kwenye foni wakati wanainua, nikiwatazama dirishani, nikiongea na mama wa Kampene juu ya bei ya chumvi ili asiondoke. Waya ulipofika paa la jiko nilikuwa namsikia. Ulipofika kimo cha mchikichi wa jirani alianza kuwa mbali. Uliposimama kabisa, akazama kama jiwe ndani ya mto, na mahali pake akaja mtu wa Uvira anatafuta mafuta ya mawese.

Mimi si fundi. Lakini mchuzi ukiharibika naulizia kitu cha mwisho kilichotiwa. Na nimelisha kuku maisha yangu yote. Ukimwaga mchele umesimama juu ya kiti na kuurusha kwa nguvu, wanakula kuku wa mbali, wale walioko miguuni pako wanakuangalia tu. Hayo nilimwambia mume wangu usiku ule tukiwa tunakula. Nikamwambia, "Alhamisi unaishusha."

"Mama watoto, mutaa wote umeniona nikiipandisha."

"Watakuona ukiishusha."

"Kushusha antene njo kushindwa."

Nikaelewa kwamba jambo lenyewe lilikuwa ng'ambo ya njia, kwa yule mshonaji. Na nilimhurumia kidogo, mwanamume aliyekosa treni yake na kupata kitu kingine cha kusimamisha. Nilimhurumia, lakini sikumpa Alhamisi nyingine.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilitoka nje, nikajifunga kikwembe vizuri, nikaenda kwenye kigingi walipofunga kamba za waya. Waya ulikuwa na kamba zake za kuuvuta juu, kama bendera ya shule, hata nguzo haikuhitaji kulazwa. Nikaanza kufungua. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kile kiti kinachoyumba. Aliniangalia. Fundo la kwanza lilikuwa gumu, nililifungua kwa meno. Upande mmoja ukashuka. Watu wa benchi wakasimama. Yule mama wa mwana mchimbaji akaja kunishikia.

Mshonaji alikuwa mlangoni kwake, na mswaki mdomoni. Akapaza sauti njia nzima isikie, "Mama, leo unaanika nguo gani kwa hiyo kamba?"

"Za mujukuu wangu," nikamjibu. "Yako nayo ishushe, kama unataka kusikia ndugu zako wa Kailo. Au nawe unawaambia wateja kwamba batri za kule zimekufa?"

Akaacha kupiga mswaki. Baadaye nilijua kwamba ndivyo alivyokuwa akiwaambia, tangu siku aliyosimamisha mianzi yake.

Kigingi cha pili mume wangu alikuja kukifungua mwenyewe. Alishusha taratibu, akashika waya mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole: nguzo ya jiko, pale pale pa zamani, na kule kwenye mwanzi kimo cha paa. Akafunga. Mikono yake ilikuwa inajua kazi.

Saa tatu kasoro kidogo nikakaa. Sikuvaa kikwembe kizuri safari hii, nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikaita, Kindu kwa Punia. Kabla sijaachia mikro vizuri alikuwa ameshaingia.

"Mama."

Neno hilo tu, na "kwako" akasahau kusema. Nikangoja. Nikasema, "Mwanangu, uko peke yako kwenye mikro? Kwako."

"Niko peke yangu. Bwana iko nje. Mutoto iko ndani na bibi. Mama, yule bibi ameshatoa nguo za kumuvalisha kesho. Kwako."

Nikasema bismillahi. Nikasema jina. Nililisema mara tatu, kama inavyotakiwa, polepole, na kati ya mara na mara niliachia mikro ili nisikie kama anapumua. Jina lenyewe sitaliandika hapa, ni lake, na yeye sasa ni mtu mzima mwenye mambo yake. Binti yangu akalirudia mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikatika, na safari hii haikuwa kosa la antene.

Ndipo wakaingia wengine. Kampene ikasema imesikia. Kailo ikasema imesikia, jina zuri, na je, bibi ataleta nini? Mtu mwingine nisiyemjua, msituni mahali fulani, akapiga vigelegele ndani ya mikro mpaka foni ikalia. Majirani wote wa karibu walikuwepo. Mzee wa Kalemie peke yake hakuwepo, siku hiyo alikuwa mbali mno kwa waya wetu, na nadhani lilimuuma.

Mtu wa foni wa Punia akaniambia ningoje. Nyumba ya mkwe wangu ilikuwa karibu, alisema, mlango wake unaonekana kutoka dirishani pake. Binti yangu alikuwa ameshatoka mbio. Nikangoja. Hakuna aliyeomba zamu. Mume wangu alisimama nyuma yangu na mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kiti, si juu ya bega langu, hatukuwa watu wa hivyo mbele za watu.

"Mama wa Kindu," mtu wa Punia akasema. "Bibi wa huku amefika mulangoni. Binti yako anamwambia kwa sikio. Sasa bibi anamutoa. Iko nje. Jua limemupiga kwa uso, amekunja uso, iko nalia. Iko nalia kwa nguvu, mama. Kwako."

Nikamwambia amwambie bibi asante. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alingoja.

Mume wangu alikaa siku tatu bila kuvuka njia. Siku ya nne akaanza kupima waya mwingine kwa hatua zake. Nguzo zake mbili hazikuwa zimeanguka, zilikuwa bado zimesimama pale tupu kama miguu ya korongo, na yeye hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Akatundika antene ya pili juu kabisa kwa ajili ya Kalemie na Uvira na Goma, ya kwanza akaiacha juu ya jiko kwa ajili ya Kailo na Kampene na Punia, na chumbani akaweka kidude cha kuhamisha, kushoto karibu, kulia mbali. Mteja akija aliulizwa kwanza ndugu yake yuko wapi. Alikuwa anaeleza jambo hilo kwa kila mtu kama amezaliwa nalo, na sikumkatisha. Hata mshonaji alikuja siku moja kuangalia mafundo, akanywa chai, akaenda kushusha yake jioni, watu wakiwa wameingia ndani.

Miaka mingi baadaye fundi mwanamke aliyekuja kufunga foni ya ofisi ya afya alinieleza sababu. Alisema sauti inapanda mpaka mbinguni inagonga na kurudi. Waya wa chini unaitupa juu ya kichwa, inaangukia karibu. Waya wa juu unaitupa pembeni, inaangukia mbali na kuwaruka walio karibu. Alinichorea na kijiti mavumbini. Nikamwambia hayo niliyajua kwa kuku kabla yeye hajaota meno. Akacheka, akaniomba mchele kidogo ajaribu.

Mume wangu alifariki baada ya vita, kitandani kwake, namshukuru Mungu kwa hilo. Foni tuliigawa vipande, batri kwa huyu, waya kwa yule.

Mtoto wa Punia nilimwona njia zilipofunguka. Alikuwa na miaka sita. Walikuja kwa pikipiki, siku mbili njiani, yeye katikati ya baba na mama, mwekundu wa vumbi kichwa mpaka vidole. Binti yangu alishuka akanikumbatia, na nyuma yake yule mtoto alibaki amesimama kando ya pikipiki, anawaangalia watu waliojaa lupango. Mama wadogo zake walikuwa wanamwita kila mmoja kwa neno lake, kasichana, mutoto muzuri, mugeni, kuja hapa. Hakusogea hata hatua moja. Wakasema ana kiburi.

Nilimwachilia mama yake. Nikalisema jina mara moja, si kwa sauti kubwa.

Akageuza kichwa, akanitafuta kati ya wale wote, akaja moja kwa moja, akaweka mkono wake mchafu ndani ya wangu. Kisha akaniuliza chakula kiko wapi.